Kwenda kusaidia kujenga nyumba baada ya mafuriko: beba buti, ujuaji uache nyumbani

Kila mafuriko yakitokea napata swali lile lile, "nataka kwenda kujitolea, naanzia wapi?" na jibu langu huwa linawakera watu kidogo manake nasema usiende bado. Sio usiende kabisa, nenda, ila wiki ya kwanza ni ya waokoaji, wenye boti, wenye magari ya juu, na wenyeji wenyewe ambao ndio huwatoa wenzao kwenye maji kabla hajafika mtu mwingine yeyote. Wewe ukitokea siku ya pili na begi mgongoni unakuwa mdomo mwingine wa kulishwa na kichwa kingine cha kutafutiwa pa kulala, na barabara yenyewe imekatika. Afu angalia inavyokuwaga: wiki ya kwanza watu wamejaa na simu zao wanapiga picha, wiki ya tatu wamepungua, mwezi wa pili wamebaki watu wawili na turubai lililochanika, na kazi ya kujenga ndio kwanza inaanza. Mimi nimeshawahi kwenda mapema na nimeshawahi kwenda kwa kuchelewa, kule nilikochelewa ndiko nilikofanya kitu cha maana.

Kwa hiyo kabla ya kupanga safari mtafute mtu aliyeko huko huko. Kamati ya kijiji, watu wa Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu, kikundi cha msikiti au kanisa, yeyote anayejua nani kalala wapi. Usimuulize "mnahitaji nini", mtu aliyepoteza kila kitu atakujibu kila kitu au atakujibu chochote ili mradi uje. Uliza vitu vinavyojibika: nyumba ngapi bado zina tope ndani, mafundi wangapi wapo, maji ya kunywa yanatoka wapi, mgeni atalala wapi bila kumhamisha mtu. Na uliza msimu wa kupanda unaanza lini. Hili watu wa mjini hatulifikirii kabisa. Mkulima aliyeondokewa na nyumba na shamba likafunikwa mchanga, ardhi ikishaanza kukaa sawa ana wiki chache tu za kurudisha mbegu chini, sasa ukimng'ang'ania akae saiti akubebee matofali siku hizo utakuwa umempa nyumba na njaa kwa pamoja. Yeye aende shamba nyie mchimbe msingi. Au twendeni naye shamba siku mbili tatu, msingi hautakimbia.

Nguo za kugawa usibebe. Nasema kwa upendo kabisa. Mabunda ya nguo yanafika yanarundikwa nje, yananyeshewa, yanaota ukungu, na watu wazima wanakaa siku nzima wakichambua viatu vya mguu mmoja wakati kuna tope la kutoa. Beba vitu vya kazi: buti za mpira zenye soli ngumu (chini ya tope kuna misumari na mabati, ndala hapana), glavu nzito, miwani ya kazi, maski za N95 au FFP2 maana tope likikauka vumbi lake sio la kucheza nalo, suruali ndefu, tochi ya kichwa, pawabenki, sabuni, dawa zako unazomeza, na sepeto, ndoo, kamba, toroli kama mna usafiri. Na chakula na maji yenu ya siku zote mtakazokaa. Viwango vya Sphere, vile vinavyotumiwa na mashirika ya misaada, vinasema mtu mmoja kwenye dharura apate angalau lita 15 za maji kwa siku ya kunywa, kupika na kuoga. Sasa piga hesabu, mkienda watu kumi bila maji yenu mmekomba lita 150 kila siku kwenye kisima ambacho chenyewe kimeingiliwa na mafuriko na wenyeji wanapanga foleni.

Kitu cha mwisho kabla ya safari ni sindano ya pepopunda. Kwa kawaida ya kuongezea huwa ni kila miaka 10, ila ukijichoma na kitu kichafu na imeshapita miaka 5 tangu uchanjwe nenda kachanjwe tena, usijipe moyo kwamba ni kakidonda tu. Na maji ya mafuriko usiyaone ni maji ya mvua yaliyojaa, mle ndani mna vyoo vilivyofurika, mikojo ya panya na ng'ombe, mafuta ya magari, dawa za mashambani. Kuna ugonjwa unaitwa leptospirosisi, wengine wanaujua kama homa ya mgunda, vijidudu vyake vinakaa kwenye mikojo ya wanyama na vinapita kwenye mchubuko mdogo tu wa mguu. Kwa hiyo kidonda kifunikwe na kitu kisichopitisha maji, mikono ioshwe kabla ya kugusa mdomo, na ukirudi kwako ukaanza homa na kichwa na misuli ya miguu kuuma ndani ya mwezi, mwambie daktari wazi kwamba ulikuwa unatembea kwenye maji ya mafuriko. Usipomwambia atakutibu malaria wiki nzima.

Siku ya kwanza saitini, usikimbilie kuingia ndani

Najua mikono inawasha, mmesafiri, mna nguvu. Simama nje kwanza. Izunguke nyumba yote. Angalia pembe za milango na madirisha kama kuna nyufa zinazokwenda kimshazari, angalia kama ukuta umeachana na paa, angalia chini maji yamekula udongo hadi msingi unaning'inia hewani. Chukua timazi, hata ya jiwe na uzi inatosha, uone ukuta umelala kiasi gani. Nyumba ya udongo ina tabia moja mbaya: inaweza kusimama maji yakiwepo, watu wakashukuru Mungu, afu ikaanguka siku mbili baada ya maji kuondoka. Chini imelowa imekuwa kama uji, juu bado kuna uzito wa paa. Ukiwa na mashaka hakuna anayeingia mpaka fundi wa pale pale aseme, na akisema hapana ndio hapana, hata kama mwenye nyumba analia kabati lake limo ndani.

Umeme uzimwe kwenye swichi kuu kama unaifikia bila kukanyaga maji, kama hufiki waachie watu wa umeme. Sola nayo watu wanaidharau, paneli inatoa umeme muda wote jua likiwaka hata kama betri imezama kwenye tope, nyaya zake usizishike shike. Mtungi wa gesi uangaliwe valvu. Jenereta ikae nje, mbali na milango na madirisha, angalau mita 6, moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu ya kukuonya, na inaua watu waliolala. Mabati yaliyorundikana yainuliwe kwa fimbo au koleo upande wa mbali na wewe, nyoka na nge nao wamekimbia maji wakatafuta pakavu. Ukikuta zile karatasi ngumu za zamani za kuezekea zinazofanana na simenti usizipige nyundo, zinaweza kuwa na asbesto, ziloweshe maji, zitoe nzima nzima na maski usoni.

Na kama njiani bado kuna maji yanayotembea, maji ya sentimita 15 yanayokwenda kasi yanaangusha mtu mzima na ya sentimita 60 yanabeba magari mengi. Rudini mpaka yapungue.

Tope

Hapa ndipo watu wanaumia migongo. Ndoo ya lita 20 ikijaa tope ni kilo 30 na zaidi, sio kilo 20 kama maji, na kijana mwenye kifua atabeba kumi kwa sifa afu kesho yake halali wala haamki. Jaza nusu. Pangeni mstari ndoo zipite mikononi, anayechota na anayemwaga wabadilishane kila nusu saa, na mtu mmoja kazi yake iwe kuwalazimisha wenzake kunywa maji. Tope litolewe likiwa bado bichi, likishakauka ndani ya nyumba linakuwa tofali na mtahitaji sururu. Toeni ndani na nje kwa kwenda sambamba, msiache ndani kumekuwa patupu wakati nje limeegemea ukuta mpaka kiunoni, ukuta uliolowa hausukumwi upande mmoja. Na msilimwage karibu na ukuta wala kwenye mfereji, nimeona watu wanafanya kazi siku mbili afu kamvua kadogo kanalirudisha lote ndani.

Vitu vya ndani sasa. Sheria ni moja tu: hakuna kitu kinachokwenda jalalani mpaka mwenye nyumba akione na aseme kwa mdomo wake. Nawaambia hivi kwa sababu tulishafanya ujinga. Tulikuwa sita, nyumba ya mama mmoja mtu mzima, tumetoa godoro limeoza linanuka, tukalitupa kwenye rundo la taka na tulijiona tunachapa kazi kweli kweli. Mama karudi kutoka kuchota maji, akasimama, akauliza godoro liko wapi. Kumbe alikuwa ameshona mfuko upande wa ukutani, mna vyeti vya kuzaliwa vya wajukuu na akiba yake. Tulikaa mpaka jua linazama tunapasua pasua sponji lililolowa kwa mikono, na tulivipata, lakini ile sura yake wakati tunatafuta siisahau. Tangu siku hiyo tunaweka marundo matatu nje, la kubaki, la kutupa, na la "mwenyewe ataamua", na hilo la tatu ndilo huwa kubwa.

Makaratasi yaliyoshikana usiyabandue kwa nguvu. Yaoshe kwa maji safi juu juu, yaweke kivulini kwenye kitambaa yapigwe na upepo, yataachia yenyewe. Picha za zamani vile vile, suuza, anika zikiangalia juu, jua kali linazikunja. Hati za ardhi na vitambulisho vikipatikana vipigwe picha na simu hapo hapo, na nyumba yenyewe ipigwe picha kabla hamjagusa kitu, pamoja na ule mstari wa maji ukutani, maana msaada au fidia ikija wataulizwa ushahidi na nyie mtakuwa mmeshausafisha vizuri kabisa.

Kusubiri

Tope limetoka, mmeosha, kila mtu anataka kuona tofali jipya. Hapa ndio wengi wanaharibu. Ukungu unaanza kuota ndani ya saa 24 mpaka 48 kwenye vitu vilivyolowa, kwa hiyo fungueni milango, madirisha, toeni chochote kinachoshika maji. Kuosha ni sabuni na maji kwanza, klorini baadae, klorini ikikutana na tope haifanyi kazi yake. Kwa ukungu kwenye sehemu ngumu ni kama kikombe kimoja cha jiki kwa lita nne za maji, madirisha wazi, glavu mkononi. Na jiki usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya usafi, hasa ya chooni au yenye amonia, mvuke wake unaunguza mapafu.

Ukuta wa udongo unakauka taratibu mno. Juu unaonekana umekauka, chini bado. Njia ya kujua ni rahisi: chukua kipande cha nailoni angavu, kibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, kiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone upande wa ndani ya nailoni ukuta bado unatoa maji, usiuguse. Kuupigia lipu ya simenti ukuta wa udongo uliolowa ni sawa na kumvalisha mtu aliyelowa koti la mvua, maji hayana pa kutokea, yanakaa ndani yanaula ukuta na baada ya muda lipu inadondoka kama ganda. Tumieni udongo au chokaa, vinapumua. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi, inategemea na unene na jua. Muda huo mnasubiri sio wa kukaa, fanyeni choo, fanyeni mifereji, fyatueni matofali.

Choo hasa. Shimo lililofurika lisichotwe likamwagwe shambani, lifukiwe na lichimbwe lingine, angalau mita 30 kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko, na chini ya shimo kuwe na mita moja na nusu hivi kabla ya kufika maji ya ardhini. Mdomo wa choo uinuliwe juu ya usawa wa mafuriko kama inawezekana. Kisima kilichoingiliwa kivutwe maji mpaka yawe safi, kiwekwe klorini, maji yapimwe, na kabla ya hapo kila mtu achemshe, yakitokota kweli kweli dakika moja yanatosha, ukiwa zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari iwe dakika tatu.

Kabla jembe halijagusa msingi

Mnajenga wapi? Swali linaonekana la kijinga ila mafuriko yanafuta mipaka. Mti uliokuwa alama umeondoka, jiwe limefukiwa, mto wenyewe saa ingine umehama njia. Mwiteni mwenye nyumba, majirani wa pande zote na wazee wanaokumbuka, watembee pale kwa miguu wakubaliane kwa sauti, pigeni vigingi, mtu aandike, mpige picha. Nusu siku inaisha hapo na hakuna tofali lililowekwa, poa tu. Kuchimba msingi mita moja ndani ya kiwanja cha jirani ni kumwachia mwenyeji wako kesi ya miaka wakati wewe umesharudi kwako.

Na kama sehemu yenyewe maji yanarudi kila baada ya miaka michache, semeni. Semeni mara moja, kwa heshima, afu muachieni mwenyewe. Kuhama sio uamuzi wa mtu aliyekuja na begi, mtu ana shamba pale, ana makaburi ya wazee wake pale, au hana ardhi nyingine popote.

Sasa urefu wa msingi. Mwaka 2015 kule Sendai, Japani, nchi zilikubaliana kwamba baada ya janga watu wajenge vizuri kuliko mwanzo, maneno mazuri, ila ukiwa saiti maana yake ni kitu kidogo sana: sakafu mpya iwe juu ya ule mstari wa maji. Na ule mstari unaupata wapi kama nyumba imeenda yote? Kwenye mti, kwenye nguzo, kwenye ukuta wa jirani uliobaki. Unauhamishaje kutoka kwa jirani mita ishirini mpaka hapa? Kwa mpira wa maji. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ujaze maji, hakikisha hakuna hata kapovu kamoja ka hewa katikati, mmoja anashika ncha moja kwenye mstari wa jirani, mwingine ncha ya pili kwenye kigingi chenu, ncha zote wazi juu, mnasubiri maji yatulie. Yule wa kwa jirani anapandisha au kushusha ncha yake mpaka maji yakae sawa na mstari, anapiga kelele "hapo!", wa pili anaweka alama pale maji yalipo kwenye ncha yake. Maji hayadanganyi, yanakaa usawa mmoja hata kama katikati kuna kichuguu. Ile alama kwenye kigingi ikishaonekana kimya kinaingia, kila mtu anajipima nayo, kuna mtoto alikuja kusimama akakuta iko juu ya kichwa chake.

Ikiwa alama iko kwenye goti, inua msingi. Ikiwa iko kifuani kuinua msingi peke yake haitoshi, na hapo mtu anayejua ujenzi aje afikirie nguzo au sehemu nyingine, msijidanganye kwa kuongeza kozi mbili za tofali. Udongo wa kujazia ndani ya msingi uwekwe kwa tabaka za sentimita 15, unamwagiwa maji kidogo, unashindiliwa, ndio lije tabaka lingine. Ukimwaga wote kwa mpigo ukashindilia juu, sakafu itapasuka msimu ujao. Na mtaro wenye kina cha kupita kiuno cha mtu kwenye ardhi iliyolowa usiingie bila kingo zake kuzuiwa na mbao, udongo unaporomoka bila kupiga hodi.

Mchanga ulioletwa na mafuriko uko bure na umejaa kila mahali, na ndio mtego. Una vumbi la tope ndani. Ujaribu hivi: chupa angavu, weka mchanga nusu, maji, chumvi kidogo, tikisa sana, iache masaa kadhaa. Mchanga unakaa chini na tope laini linakaa juu yake kama tabaka tofauti. Hilo tabaka likikaribia sehemu moja kwa kumi ya mchanga, uoshwe au utafutwe mwingine. Simenti iliyolowa ikashika mabonge usiisage ukaitumia kwenye zege, utaona inashika kwa macho tu. Zege la kawaida ni simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne, na maji kidogo kuliko unavyotamani, likiwa uji linakuwa rahisi kumwaga na dhaifu likikauka. Baada ya hapo limwagiwe maji siku saba mfululizo, lifunikwe. Hii ndio kazi ambayo hakuna anayeitaka kwa sababu hakuna cha kupiga picha, mtu na kopo lake asubuhi na jioni. Mimi siku hizi naiomba mwenyewe.

Kuta, kama mnajengea udongo, zile kozi za chini ziwe za mawe au tofali za kuchoma na simenti, udongo uanze juu ya hapo. Juu ya madirisha mkanda wa zege wenye nondo uzunguke nyumba nzima bila kukatika, na mlipomwaga mkanda muache waya ndani zikichungulia nje ili kenchi zifungwe nazo, paa lisije kuondoka na upepo unaokuja na mvua hiyo hiyo. Bati lipigwe msumari kwenye mgongo sio kwenye bonde, bondeni ndiko maji yanakopita. Na paa litokeze nje ya ukuta sentimita 60 hivi, ukuta wa udongo unataka kofia kubwa.

Nani bosi

Mwenye nyumba ni bosi, fundi wa kijijini ni msimamizi, wewe ni saidia fundi. Hata kama una digrii ya ujenzi. Akikwambia mlango uangalie kule, uangalie kule, ana sababu, labda upepo, labda jirani, labda anataka kuona mifugo yake akiwa kitandani. Fundi wa pale alipwe, msifanye kazi yake bure mkamwondolea riziki mwaka ambao kila mtu anahitaji fundi, pesa za nauli za voluntia watano zinaweza kumlipa siku nyingi na anafanya kazi mara tatu yenu. Ukiona nafasi yako inaweza kubadilishwa na hela ya kumlipa mtu wa pale, tuma hela, hakuna aibu. Michango mnayoshika iwe na watu wawili wanaoijua, risiti zibandikwe mahali kila mtu anaona.

Picha za watu waulizwe kwanza, za watoto wazazi waulizwe, na mtu aliyekaa kwenye kifusi cha nyumba yake sio mandhari ya selfi. Usimuulize mtu "ulijisikiaje maji yalipokuja". Atakuhadithia akitaka, kawaida anaanza mkiwa mnafanya kitu kingine kabisa, mnapeana matofali, na wewe sikiliza tu, endelea kupokea tofali. Na usiahidi. "Tutarudi na bati" usiseme kama bati hujaliona kwa macho yako.

Mkiondoka acheni sepeto, toroli na ule mpira wa maji. Kaeni na mwenye nyumba mwambie kwa uwazi nini hakijaisha na nani atamalizia, muandikie kwenye karatasi pamoja na zege lilimwagwa siku gani. Afu mvua kubwa ya kwanza ikinyesha piga simu, uliza maji yamesimama wapi. Atakwambia "nyuma ya jiko, kadogo tu", na hapo ujue mfereji ulikosewa mteremko, mwelekeze pa kuukata, mara nyingi ni sepeto tatu nne.